JE, WAJUA? Sukari iliyojificha ndani ya pumba, na madini yanayoweza kuitoa

Jimbo letu la Maniema, Kongo, lina mpunga na lina madini. Mpunga hukobolewa, mchele ukaliwa, pumba zikatupwa au zikachomwa. Madini huchimbwa, yakatiwa kwenye magunia, yakaondoka. Wanakemia wameonyesha kwamba nyuzi za mimea na unga wa metali vikikutana ndani ya maji ya moto sana, nyuzi hugeuka sukari. Wewe uliye Kama, Kalima, Kasongo au Kindu unakanyaga vyote viwili kila siku. Soma, kisha mpe na jirani asome.

SUKARI IKO WAPI?

1. Je, wajua kwamba ukuni, pamba, jani la sombe na pumba ya mpunga vyote vimejengwa kwa sukari? Kuta za seli za mmea zimejaa selulosi, na selulosi ni mnyororo wa glukosi, sukari ileile inayozunguka katika damu yako. Mnyororo mmoja huwa na glukosi mamia hadi maelfu. Hakuna kitu kinachotengenezwa na viumbe hai kwa wingi duniani kuliko selulosi.

2. Muhogo na mti wake ni ndugu wa tumbo moja. Wanga ulioko kwenye mzizi ni glukosi tupu, na selulosi iliyoko kwenye shina ni glukosi tupu. Kinachozitenga ni jinsi zilivyounganishwa. Katika wanga mnyororo hujipinda na kuacha nafasi, maji yakaingia. Katika selulosi kila glukosi imegeuziwa mgongo jirani yake, mnyororo ukanyooka, na minyororo ikalaliana ikashikana barabara. Ndiyo maana mzizi huliwa na shina hukauka likawa kuni.

3. Jaribu mwenyewe leo. Tafuna kipande cha muhogo uliochemshwa, usikimeze upesi. Baada ya muda mfupi utasikia utamu: kimeng'enya kiitwacho amilasi, kilichomo kwenye mate, kimeanza kuukata wanga. Tafuna pamba safi kutwa nzima, haitakuwa tamu. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kukata selulosi.

4. Ng'ombe naye hana. Mchwa wengi nao hutegemea msaada. Wote wawili wamewapangisha vijidudu tumboni, na vijidudu hivyo ndivyo vinavyofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvunja nyuzi. Ng'ombe akicheua, anawasagia wapangaji wake chakula.

5. Wanaopika lotoko, pombe kali ya mahindi, wanaijua kemia hii kwa mikono. Mahindi huloweshwa yakaota, kwa sababu mbegu inayoota hutoa vimeng'enya vya kuugeuza wanga kuwa sukari. Chachu huja baadaye. Mwaka 1833 Wafaransa Anselme Payen na Jean-François Persoz walikitoa kimeng'enya cha namna hiyo kwenye kimea cha shayiri, kikawa cha kwanza kabisa kutengwa. Miaka mitano baadaye, 1838, Payen huyohuyo akaitenga selulosi na kuipa jina.

6. Si mmea wote ulio selulosi. Pamba ni selulosi kwa takriban asilimia 90. Mti ni asilimia 40 hadi 50. Pumba ya mpunga ni theluthi moja hivi. Sehemu nyingine ni hemiselulosi, yenye sukari za aina mbalimbali, na lignini, gundi ngumu inayoufanya mti usimame wima. Pumba ina kitu cha nne kinachoichosha mashine na kuikwaruza: silika, dutu ileile ya mchanga mweupe.

7. Selulosi ikikatwa huongezeka uzito. Kila kiungo kinachovunjwa hunyonya molekuli moja ya maji. Kwa hesabu ya karatasini, kilo 100 za selulosi hutoa kilo 111 za glukosi.

MIAKA 200 YA ASIDI

8. Je, wajua kwamba sukari ya matambara ilishatengenezwa mwaka 1819? Henri Braconnot, mkemia wa Nancy, Ufaransa, alichukua vitambaa vikuukuu vya kitani akavimwagia asidi kali ya salfa, kisha akaongeza maji na kuchemsha. Akapata sukari. Watu wa wakati wake walistaajabu kwamba shati lililochakaa laweza kulika.

9. Mjerumani Friedrich Bergius, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1931 pamoja na Carl Bosch kwa kazi za shinikizo kubwa, alitumia miaka mingi kutafuta namna ya kutoa sukari kwenye miti kwa asidi ya hidrokloriki. Ujerumani ilijenga viwanda vya namna hiyo. Umoja wa Kisovieti nao ulijenga vingi vya kutoa sukari kwenye miti kwa asidi, ukavitumia kutengeneza pombe ya viwandani na chachu ya kulishia mifugo.

10. Kwa nini basi viwanda hivyo havikuenea kote? Asidi huila mitambo. Ikishafanya kazi imechanganyika na sukari, na kuitoa ni taabu. Asidi ya salfa ukiiua kwa chokaa, unabaki na vilima vya jasi visivyo na mnunuzi. Kichocheo kigumu, unga ambao hauyeyuki, huondoa adha hiyo: ukimaliza unachuja, sukari inapita, unga unabaki kwenye chujio kwa kazi ya kesho.

KICHOCHEO NI KITU GANI?

11. Jöns Jacob Berzelius wa Sweden ndiye aliyelipa jambo hili jina lake la kisayansi mwaka 1835. Kichocheo ni kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kemikali bila chenyewe kumalizika. Hushika molekuli, huzilegeza viungo, huziachia zikiwa zimebadilika, kisha hushika nyingine.

12. Kazi yote ya metali hufanyika usoni pake. Atomu zilizofichwa ndani hazigusi kitu. Chukua mchemraba wa metali wenye upande wa sentimita moja. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Ukate uwe vijichemraba vya nanomita 10 kila upande. Metali haikuongezeka hata chembe, lakini uso wake sasa ni mita 600 za mraba. Umeuzidisha mara milioni moja.

13. Vijichembe vidogo hivyo vikiachwa peke yao hugandamana na kurudi kuwa donge. Kwa hiyo hupandikizwa juu ya kitu kingine kinachostahimili moto, chenye matundu mengi: mkaa, alumina au silika. Metali hukaa imetawanyika juu ya egemeo hilo kama ufuta juu ya mkate. Mara nyingi metali ni asilimia moja hadi tano tu ya uzito wote.

14. Mkaa ulioamilishwa, yaani uliotobolewa vitundu kwa mvuke au kemikali, huwa na uso wa mita za mraba 1,000 hivi katika kila gramu. Gramu saba au nane, kiasi cha kujaza kiganja, zina uso wa kutosha kufunika uwanja mzima wa mpira wa miguu.

15. Mfaransa Paul Sabatier alipata Nobel ya Kemia mwaka 1912 kwa kuonyesha jinsi unga wa nikeli unavyoingiza haidrojeni katika molekuli za mimea na mafuta. Kutokana na kazi hiyo mafuta ya maji yaligandishwa yakawa siagi ya mimea. Nikeli hiyo kwa miaka mingi ilibebwa juu ya udongo wa diatomu, na udongo huo unachimbwa hapa kwetu Afrika Mashariki, Kariandusi karibu na Gilgil, nchini Kenya.

NDANI YA CHUNGU CHA CHUMA

16. Je, wajua kwamba mlango wa enzi ya kuvunja selulosi kwa metali bila asidi ulifunguliwa Sapporo, Japani? Mwaka 2006 Atsushi Fukuoka na Paresh Dhepe wa Chuo Kikuu cha Hokkaido walitia selulosi, maji na unga wa platini uliobebwa na alumina ndani ya chombo kinene cha chuma cha pua. Kifuniko kikakazwa kwa bolti. Haidrojeni ikasukumwa ndani hadi shinikizo la mara 50 ya hewa ya kawaida. Moto ukapandishwa hadi nyuzi 190 za Selsiasi, na kikorogeo kikazunguka kwa saa 24. Chombo kilipopoa na kufunguliwa, theluthi moja hivi ya selulosi ilikuwa imegeuka sorbitoli na manitoli, ndugu wa sukari wanaoyeyuka majini. Asidi ya kumwaga haikutumika hata tone.

17. Kwa nini haidrojeni? Glukosi haivumilii moto. Ikikaa kwenye maji ya nyuzi 190 au zaidi huharibika, ikawa asidi na uji mweusi kama lami. Metali huipasua haidrojeni kuwa atomu mojamoja na kuipachika glukosi mara tu inapotoka kwenye mnyororo. Glukosi inakuwa sorbitoli, na sorbitoli hustahimili moto vizuri zaidi.

18. Maji yenyewe hugeuka kuwa makali yakishinikizwa na kupashwa moto. Kwenye nyuzi 200 hadi 250 molekuli zake hupasuka zenyewe kwa wingi na kuachia ioni zilezile zinazoifanya asidi iwe asidi. Yakipoa, ukali unatoweka. Mwaka 2007 kundi la Haichao Liu la Chuo Kikuu cha Peking lilitumia maji ya nyuzi 245 na rutheni juu ya mkaa, na nusu saa ilitosha kupata asilimia 40 hivi ya sorbitoli na manitoli.

19. Ikiwa shabaha ni glukosi yenyewe, inawezekana bila haidrojeni. Mwaka 2010 Fukuoka na wenzake walitumia rutheni juu ya mkaa wenye vitundu vilivyopangwa sawasawa, kwenye nyuzi 230, wakapata glukosi karibu theluthi moja. Siri ni muda: pandisha moto upesi, poza upesi, glukosi isipate nafasi ya kuungua.

20. Kabla ya hapo walitangulia Wasovieti. Katika miaka ya 1950 na 1960 wanakemia kama V. I. Sharkov walivunja polisakaridi za miti na kuziingiza haidrojeni kwa mpigo mmoja, wakitumia asidi ya kimiminika pamoja na rutheni. Jambo jipya la 2006 lilikuwa kuiondoa asidi hiyo.

21. Selulosi husagwa kabla ya kuingia chunguni, na kusaga huku hakumaanishi kupata unga laini tu. Mipira migumu inayogongana ndani ya pipa linalozunguka huivuruga mipangilio ya minyororo mpaka ikapoteza mshikamano wake. Baada ya hapo maji na kichocheo hupata pa kuingilia. Kazi ya kinu bado ina heshima yake.

22. Sorbitoli unaitumia bila kuijua. Imo ndani ya dawa ya meno, huifanya isikauke. Imo kwenye dawa nyingi za kikohozi. Utamu wake ni kama asilimia 60 ya sukari ya mezani. Vitamini C ya viwandani huanzia kwayo: Tadeus Reichstein aliibuni njia hiyo mwaka 1933, glukosi ikipitia kwenye metali na haidrojeni kuwa sorbitoli, kisha bakteria wakaikamilishia hatua inayofuata. Sorbitoli ikitolewa maji hupatikana isosorbidi, malighafi ya vidonge vya maumivu ya moyo.

UDONGO WA MANIEMA NDANI YA MAABARA

23. Je, wajua kwamba wolframu, metali inayochimbwa Kalima na Kailo, ni miongoni mwa metali mashuhuri katika kazi hii? Mwaka 2008 kundi la Tao Zhang mjini Dalian, China, lilitumia kabidi ya wolframu iliyotiwa nikeli kidogo juu ya mkaa. Selulosi ikageuka glaikoli ya ethilini kwa asilimia 61. Hiyo ndiyo glaikoli inayotumika kutengeneza chupa za plastiki, nguo za poliesta na maji ya rejeta. Kichocheo hicho hakikuhitaji platini wala rutheni, metali zenye bei ya kutisha.

24. Kazi hiyo haikubaki ndani ya kabati la maabara. Mwaka 2019 kampuni ya Avantium ilifungua kiwanda cha majaribio mjini Delfzijl, Uholanzi, cha kutengeneza glaikoli kutokana na sukari ya mimea.

25. Na bati? Kasiteriti, jiwe la bati, ndiyo iliyoijenga Kalima. Kampuni ya Symétain iliweka kambi yake hapo zama za Wabelgiji. Stani, yaani bati lenyewe, inayotoka kwenye kasiteriti ikipandikizwa moja moja ndani ya zeolaiti, madini yenye vijumba vidogo vilivyopangika, huigeuza glukosi kuwa fruktosi, sukari ya matunda iliyo tamu zaidi. Manuel Moliner, Yuriy Román-Leshkov na Mark Davis walilitangaza hilo mwaka 2010. Walitumia maji ya nyuzi 110, na baada ya dakika 30 mchanganyiko ulikuwa na glukosi asilimia 46, fruktosi 31 na manosi 9.

26. Mwaka huohuo wa 2010, watafiti wa Denmark walitumia zeolaiti ya stani kugeuza sukari kuwa vitu vya jamii ya asidi ya laktiki. Kwa asidi hiyo hutengenezwa plastiki inayoweza kuoza kwenye majaa ya mboji yenye joto.

27. Dhahabu ya Namoya na ya mito yetu watu huithamini kwa kung'aa kwake. Wanakemia huithamini pia kwa kazi. Kwa vizazi vingi waliamini dhahabu haina uwezo wa kuchochea chochote, mpaka Masatake Haruta wa Japani alipoonyesha mwaka 1987 kwamba vijichembe vya dhahabu vya nanomita chache huichoma gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi hata kwenye baridi ya chini ya sifuri. Mwaka 2002 watafiti wa Milano wakatumia dhahabu juu ya mkaa kuigeuza glukosi kuwa asidi ya glukoniki, inayotumika kwenye vyakula na kwenye dawa za kuongeza kalsiamu.

28. Koltani, jiwe la tantali na niobi, nayo ina zamu yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani ilikosa mpira wa miti. Ikachukua pombe ya nafaka, ikaipitisha juu ya oksidi ya tantali iliyobebwa na silika, ikapata butadieni ya kutengenezea mpira wa kiwandani. Niobi, mwenzake tantali ndani ya jiwe hilohilo, oksidi yake hubaki na ukali wa asidi hata ikilowa maji, na kwa hiyo hutumiwa kuzitoa sukari maji.

29. Metali za bei kubwa zaidi katika kazi hii nazo ni za Afrika. Platini na rutheni za dunia hutoka kwa wingi Afrika Kusini, kwenye miamba ya Bushveld, na nyingine hutoka Great Dyke ya Zimbabwe. Rutheni yenyewe iligunduliwa mwaka 1844 na Karl Klaus huko Kazan, Urusi.

MPUNGA, PUMBA NA MKAA

30. Mpunga uliingia Maniema kwa misafara ya karne ya 19 kutoka pwani. Nyangwe, alikofika Livingstone mwaka 1871, na Kasongo, ngome ya Tippu Tip, ilikuwa miji ya mashamba na masoko, na ilikuwa pia miji ya mateso ya utumwa. Waliotekwa ndio waliolima. Mpunga na Kiswahili chetu vyote vina asili katika zama hizo, na wajukuu wa waliolazimishwa ndio walioufanya mpunga kuwa mali yao.

31. Tani moja ya mpunga hutoa pumba kilo 200 hivi. Ndani ya pumba hizo mna selulosi kilo 60 na zaidi, pamoja na silika ya kilo 30 hadi 40. Simama nyuma ya mashine ya kukobolea wakati wa mavuno, utaona zinavyotoka: zinaruka kwa upepo, zinawasha ngozi, zinarundikana mpaka kimo cha mtu. Kisha mtu hutia moto pembeni, na lundo huungua taratibu kutoka ndani, likitoa moshi siku kadhaa bila mwali.

32. Majivu ya lundo hilo ni silika karibu yote. Yakichomwa kwa uangalifu, moto usizidi, silika hubaki nyepesi, yenye vitundu, na hufaa kuwa egemeo la kubebea metali. Kwa hiyo pumba moja ina vitu viwili vya lazima: malighafi ya sukari na kiti cha kichocheo.

33. Egemeo la mkaa nalo si la kuagiza ng'ambo. Vifuu vigumu vya kokwa za mchikichi, vinavyobaki baada ya kukamua mawese na kuipasua mise, hutoa mkaa bora ulioamilishwa. Katika maji ya moto sana mkaa hushinda alumina, kwa sababu alumina humomonyoka polepole na kubadilika umbo, nao mkaa hutulia.

34. Haidrojeni je? Si lazima ije kwa mitungi. Mwaka 2002 Randy Cortright, Rupali Davda na James Dumesic wa Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba sukari iliyoyeyushwa majini, ikipita juu ya platini kwenye nyuzi 225 na zaidi, hutoa haidrojeni yenyewe. Njia nyingine ni kuyapasua maji kwa umeme, na Kongo ina mito ya kutoa umeme huo.

VIKWAZO, TUSIFICHANE

35. Kazi hii haijashinda bado. Pumba halisi si selulosi safi ya chupa ya maabara. Ina potasiamu, ina salfa kidogo, ina protini, na hivyo vyote hujibandika kwenye uso wa metali na kuizuia kufanya kazi. Salfa ndiyo adui mkubwa wa nikeli na rutheni. Ndiyo maana malighafi huoshwa na kusafishwa kwanza, na kuosha ni gharama.

36. Selulosi ni ngumu na kichocheo ni kigumu. Vitu viwili visivyoyeyuka hukutana kwa shida. Lignini isiyoyeyuka hubaki imechanganyika na unga wa metali kwenye chujio. Baadhi ya watafiti wamejibu kwa kuanza na lignini: huitoa kwanza kwa kichocheo, nyuzi zikabaki tayari kwa hatua ya pili.

37. Katika viwanda vya leo vya pombe ya nyuzi, vimeng'enya bado vinatawala. Hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 50 tu na hukosea mara chache. Lakini ni polepole, na vikishatumika aghalabu haviokolewi. Metali huvumilia moto, huoshwa na kurudi kazini. Mashindano haya bado hayana mshindi, na anayeingia leo hajachelewa.

TUFANYE NINI?

38. Kazi ya kwanza haidai kiwanda. Mwanafunzi wa sekondari wa Kama au Kindu anaweza kuamilisha mkaa wa vifuu vya kokwa na kuupima kwa kuutia kwenye maji ya rangi, aone yanavyokuwa meupe. Anaweza kuchoma pumba kwa moto mdogo na kwa moto mkali, kisha akalinganisha majivu. Anaweza kuugeuza wanga wa muhogo kuwa sukari kwa kimea na kuthibitisha kwa tone la iyodini: rangi ya bluu ikitoweka, wanga umekwisha. Mwalimu asimamie moto na kemikali, vijana wafanye kazi kwa mikono yao.

39. Kazi ya pili ni ya vyuo vikuu. Chuo Kikuu cha Kindu kiko penye malighafi ambazo maabara za Sapporo na Dalian hulazimika kuzinunua. Yangambi, kando ya mto huuhuu wa Kongo, ilianzishwa mwaka 1933 kuwa kituo cha utafiti wa kilimo, na mpunga ulikuwa miongoni mwa mazao yake. Tulishawahi kuwa na sayansi ya shamba inayosifika. Tunahitaji sasa sayansi ya kile kinachobaki baada ya mavuno.

40. Na la mwisho, ambalo kila anayepokea kodi ya madini anapaswa kulisikia. Kilo ya wolframu ikiuzwa imeuzwa mara moja. Kilo hiyo ikitawanywa juu ya mkaa na kuwekwa kwenye chungu cha chuma hufanya kazi leo, huoshwa, hufanya tena kesho, na kila mzunguko hutoa bidhaa yenye bei. Tofauti kati ya mauzo hayo mawili ni mtu anayejua kemia. Basi sehemu ya mapato ya kila gunia linalotoka Maniema ilipe mishahara ya walimu wa kemia na vifaa vya maabara za shule zetu, kuanzia mwaka huu wa masomo.